Ngoja Kwanza Wajifunge

Evodie alipotoka kijijini kwao, kando ya mto Luvua, alibeba vitu vitatu: sufuria, blanketi na mfuko wa viwavi.

Mfuko huo haukushonwa na mtu. Viwavi wenyewe ndio wanaoufuma. Mvua zikikaribia kwisha hukusanyika mia kadhaa juu ya tawi moja, wakatoa nyuzi kwa pamoja mpaka ikatokea nyumba moja ya hariri, rangi ya udongo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Humo ndani kila mmoja hujifungia chumba chake, akalala kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, hutoka wakiwa vipepeo.

Kwao watu waliipasua mifuko hiyo wakala waliomo. Lakini mama yake Evodie alikuwa na desturi tofauti. Katika kila mifuko mitano alibakiza mmoja, akautundika nyumbani mahali pakavu, na mvua zilipoanza aliurudisha kwenye miti. "Ukila mbegu, utapanda nini?" alikuwa akisema. Mama alipokufa, Evodie akairithi kazi hiyo. Hakuna aliyemlipa na hakuna aliyemshukuru, ila kila mwaka viwavi walikuwepo.

Mwaka alioondoka, watu wenye silaha walichoma kijiji, na moto ukaingia porini. Evodie alirudi mara moja tu kwa kujificha, akakuta mti mmoja uliosalimika, na juu yake mfuko mmoja. Aliukata na tawi lake.

"Watu wanabeba watoto, weye unabeba wadudu," mume wake Gauthier alimwambia njiani. Lakini ndani ya lori, kutoka Nyunzu hadi Kalemie, Gauthier ndiye aliyeupakata mapajani siku nzima ili magunia ya mahindi yasiuponde.

Walikuwa wamezaa mtoto mmoja tu, Elsa, naye alikuwa ameolewa Kabalo. Kwa jina lake waliitana: Papa Elsa, Mama Elsa. Kalemie walipanga chumba kimoja kwa mjane aitwaye Mama Alphonsine, mwenyeji wa ziwani, aliyeanika ndakala, dagaa wa ziwa hilo, uani na kuwauza sokoni. Gauthier akapata kibarua cha kupakua mizigo bandarini. Evodie alifulia watu nguo. Mfuko waliutundika kwenye boriti, juu ya kitanda.

Vipepeo walitoka mwezi wa kumi na moja, asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili. Evodie alikuwa akikoroga uji alipoona tundu dogo chini ya mfuko, na kichwa chenye manyoya kikisukuma. Akamwamsha Gauthier. Wakakaa kitandani, wakatazama. Walitoka mmoja mmoja, wamelowa, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyofinywa, wakapanda ukutani na kungoja. Baada ya muda mabawa yakanyooka. Walikuwa wanene, weupe kama maziwa, na mistari ya kahawia.

"Wanakula nini?" Gauthier aliuliza. Alikuwa amewala viwavi hao tangu utoto, ila hakuwahi kuwatazama hivyo.

"Hawali kitu. Hawana hata kinywa cha kulia. Wana siku tatu, ine. Wanapandana, wanataga, basi."

"Siku ine bila kula, na kazi yote hiyo?"

"Njo hivyo, ni maisha yao."

Gauthier alichelewa kazini siku hiyo.

Nyuma ya choo palikuwa na mti ambao viwavi hao hula majani yake tu, ule wenye miiba shinani na matunda madogo meusi yanayopendwa na ndege. Evodie aliwabeba majike mkononi, mmoja mmoja, akawaweka chini ya majani. Walitaga mayai kwa mafungu, na kila fungu walilifunika kwa manyoya ya dhahabu waliyoyanyofoa mkiani mwao wenyewe. Kisha wakaanguka. Evodie aliwakuta chini ya mti wamekufa, wepesi kama maganda ya karanga.

Viwavi walianguliwa baada ya mwezi mmoja na nusu. Walikula pamoja, walilala pamoja, na walipohama tawi walikwenda kwa mstari, kila mmoja kichwa chake kwenye mkia wa mwenzake. Evodie alifua nguo huku akiwatazama. Alijua ni lini watabadili ngozi, kwa sababu waliacha kula na kuinua vichwa. Alijua sauti yao wakitafuna, kama mvua nyepesi kwenye majani ya migomba. Alipanga kwamba mwaka huu atapata mifuko mitatu, labda mine. Mwaka ujao, kumi. Siku ya kurudi Luvua, atarudi na mbegu.

Lakini mti ule ulikuwa mdogo. Mwezi wa pili viwavi waliumaliza majani, ukabaki mifupa. Hapo ndipo walipoingizwa ndani. Evodie alijaza ndoo tatu maji, akasimika matawi humo, akaziweka kandokando ya kitanda. Kila asubuhi kabla ya jua Gauthier alitembea mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, akakata matawi mabichi kwa panga, akayaleta begani, ndipo akaenda bandarini. Mwendo wa saa mbili, kwenda na kurudi. Hakunung'unika hata siku moja.

Aliyenung'unika ni Mama Alphonsine. Viwavi hao wana manyoya yanayowasha, na upepo ukivuma manyoya hufika mbali.

"Mama Elsa, hii wadudu yako itatutoa ngozi," alisema akijikuna shingo. "Kama ni ya kula, tule, iishe."

"Mwezi mumoja tu, Mama. Watajifunga, hawatawasha tena."

"Mwezi mumoja. Na mulango ufungwe."

Wakafunga mlango. Walilala wamejifunika kanga usoni, na asubuhi waliamka mikono imevimba vipele. Gauthier aliwasimulia wenzake bandarini jinsi viwavi wake walivyo, mia mbili na kitu, na wenzake wakamcheka wakamwita Papa Mbinzo, yaani Baba Viwavi. Naye alirudi nyumbani akicheka.

Mwezi wa tatu kipindupindu kiliingia mtaani. Hilo halikuwa jambo geni; huja karibu kila masika, ziwa likijaa na vyoo vikifurika. Nyumba ya tatu kutoka kwao mtoto aliugua, akapelekwa kituo cha matibabu, na kesho yake ikaja timu ya kupulizia dawa: watu wanne wenye buti na pampu mgongoni. Evodie alisimama na majirani kutazama. Walipulizia sakafu, kuta, kitanda, ndoo, nguo, kila kitu kikalowa na kunuka klorini. Kuku mmoja aliyezubaa uani alimwagiwa, akakimbia akipiga chafya, watu wakacheka.

Jioni, wakila ugali, Evodie alimwambia mume wake, "Wale watu wakiingia humu, viwavi vyote vimekufa. Tumekwisha."

Alilisema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Gauthier alimega tonge, akala.

Siku tisa baadaye viwavi waliacha kula. Walishuka kutoka kwenye matawi, wakazunguka chumba kizima kwa mstari, ukutani, mlangoni, juu ya kitanda, mpaka wa mbele alipofika kwenye boriti akasimama. Wote wakapanda, wakarundikana pale kama nyuki. Evodie alijua. Walikuwa wametafuta mahali, na wamepapata. Sasa wangefuma siku tatu, labda nne, na katika siku hizo hawatakiwi kuguswa. Ukiwashtua, hutawanyika, na aliyetawanyika hawezi kufuma peke yake. Hukauka.

Siku hiyo Gauthier alirudi mapema kutoka bandarini. Alisema amechoka, kichwa kinamuuma. Akatoka kwenda chooni, akarudi, akatoka tena. Evodie alikuwa amesimama juu ya kiti akitazama nyuzi za kwanza.

"Ni nini, Papa Elsa?"

"Ndakala wa jana. Tumbo tu."

Usiku alitoka mara nyingi. Evodie alimsikia akiteka maji kwenye bidoni, lile dumu lao, akasikia mlango ukifunguliwa polepole, kwa namna ya mtu asiyetaka kuamsha mwenzake. Akarudia usingizi. Baadaye alijiuliza mara nyingi namna gani aliweza kurudia usingizi.

Kulipopambazuka aliona uso wake. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekuwa ya majivu, na ngozi ya mkono, alipoifinya, ilibaki imesimama. Hakuna mtu wa Kalemie asiyejua maana yake.

"Papa Elsa, hiki ni kipindupindu. Naita moto, pikipiki itupeleke kituoni."

Gauthier alimshika mkono. Sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi.

"Usiite muntu."

"Utakufa!"

"Sikufi. Nakunywa maji. Ukiita, watakuja kupulizia." Akainua macho kwenye boriti. "Ngoja kwanza wajifunge."

Evodie akatazama juu pamoja naye. Walikuwa wamefuma usiku kucha. Utando mwembamba ulikuwa umewazunguka wote, na kupitia kwake aliwaona wakienda na kurudi, vichwa vikizunguka, kila mmoja akiongeza uzi wake. Siku mbili zaidi zingetosha. Labda hata moja na nusu.

Hakuita moto.

Alichemsha maji, akatia sukari na chumvi kama walivyofundishwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Gauthier alimeza, akatapika, akameza. Evodie alisafisha, akachemsha mengine. Mama Alphonsine alipobisha kuuliza mbona hawatoki, Evodie alifungua mlango nusu akasema, "Papa Elsa iko na malaria kidogo." Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne Gauthier aliacha kutapika, na Evodie akadhani anapona. Saa tano alilalamika kwamba miguu inakaza, akamkanda. Saa saba hakuweza tena kumeza, maji yakamwagika pembeni ya mdomo, na alipomwita aligeuza macho kana kwamba sauti inatoka mahali pa mbali sana.

Hapo akatoka mbio akipiga kelele.

Waliomsaidia ni majirani. Walimpakia Gauthier kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Evodie, kichwa chake kikimgonga Evodie begani. Kituoni walimlaza kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati. Mwuguzi, kijana mpole aitwaye Camille, alitafuta mshipa wa mkono wa kulia, hakuupata. Wa kushoto, hakuupata. Mwishowe akaupata mguuni. Maji ya serumu yakaanza kuingia. Wakafungua chupa ya pili.

Camille alikuwa na karatasi ya kujaza.

"Mama, ugonjwa umeanza saa ngapi?"

"Leo," Evodie alisema. "Saa sita hivi. Saa sita ya mchana."

Camille alimtazama Gauthier, akatazama macho yale yaliyozama. Hakuandika mara moja.

"Mungemuleta asubuhi, Mama," alisema taratibu. "Anayeletwa asubuhi hafi hapa."

Gauthier alikata roho saa kumi na moja, kabla chupa ya tatu haijafunguliwa. Walimfunga kwenye mfuko mweupe, na watu waliovaa glavu wakamzika. Evodie alisimama hatua kumi kutoka kaburini, kama alivyoamriwa.

Kesho yake timu ya kupulizia ilifika, na Camille alikuwa nao. Evodie alikuwa amekaa uani kwenye mkeka wa Mama Alphonsine. Camille aliingia chumbani, akatoka.

"Mama, kule juu ya kitanda kuna nini?"

"Ni viwavi vyangu," alisema. "Pulizieni tu."

"Ni vya kufuga?"

"Njo hivyo."

Camille akawageukia wenzake. "Lete turubai." Kisha akamwambia Evodie, "Tutawafunika. Hatupulizii boriti, Mama. Tunapulizia chini, na kitanda, na pale mugonjwa alipochafua. Wenye kuku tunawaambia watoe kuku kwanza. Kuna baba mumoja ana njiwa ndani, tumefunika njiwa. Mungetuambia tu."

Evodie alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua.

"Mungefunika?"

"Kwa nini tusifunike? Ni dakika tano."

Aliingia, na Evodie akamsikia akivuta kiti, akiwaelekeza wenzake washike pembe za turubai. Mama Alphonsine alikuja kumkalia karibu. Midomo ya Evodie ilikuwa ikichezacheza, na yule mama alidhani ni kilio kinakuja, akamshika mabega ili alie. Lakini kilio hakikuja. Alikuwa akihesabu. Kutoka macheo mpaka saa saba. Muda wa saa saba nzima.

Viwavi walimaliza kujifunga siku iliyofuata. Mfuko ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Luvua, mzuri, hauna tundu.

Elsa alipiga simu kutoka Kabalo. Reli ilikuwa imekatika kwa mvua, asingeweza kufika. Alilia muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, Papa alisema nini mwisho?"

"Alisema nikusalimie," Evodie alijibu. "Alitaja jina lako."

"Asante, Mama."

Elsa alimwomba aende Kabalo, akakae naye. Evodie alisema atakwenda kiangazi. Kiangazi kilipofika alisema atakwenda mvua zikikaribia. Hakuwa na sababu ya kubaki, ila kila alipofikiria kukaa mbele ya Elsa, wakila sahani moja, Elsa akimtazama usoni, aliahirisha tena. Aliendelea kufua nguo. Mara mbili alipanda kwenye kiti na kisu mkononi ili aukate mfuko na kuutupa ziwani. Mara zote mbili alishuka.

Alitaka kumwambia mtu. Siku moja alimwanzia Mama Alphonsine.

"Siku ile uliponiuliza, nilikudanganya. Nilijua si malaria."

Mama Alphonsine alikuwa akigeuza ndakala juu ya wavu. Hakuinua uso.

"Wote tunaficha," alisema. "Ni aibu. Sote tunaogopa kile kituo."

"Sikuogopa kituo."

"Mama Elsa, acha. Mungu ameshapanga."

Evodie akaacha. Mtu wa kumwelewa angekuwa Gauthier tu, na Gauthier angedai kosa ni lake mwenyewe, si la Evodie, na hilo asingetaka kulisikia.

Mvua zilirudi, na vipepeo wakatoka. Walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia. Walijaa ukutani, kwenye chandarua, kwenye kamba ya nguo. Evodie hakuwabeba kuwapeleka popote. Mti wa nyuma ya choo haukuchipuka tangu viwavi walipoumaliza. Ulikauka, na mtoto wa jirani akaukata kuni. Alifungua mlango, wachache wakatoka, wengine wakabaki. Walitaga walipopata: kwenye udongo wa ukuta, kwenye mlango, kwenye boriti ileile. Walinyofoa manyoya yao ya dhahabu wakayafunika mayai vizuri, kana kwamba wako kwenye jani. Siku ya nne aliwafagia wote.

Mayai hakuyagusa. Alijiambia kwamba ni ya ukuta, yatakauka yenyewe. Lakini mwishoni mwa mwaka, asubuhi moja, aliona ukuta unatembea. Walikuwa wembamba kama uzi, wameshikamana kichwa na mkia, wakishuka kutafuta majani.

Alikaa akiwatazama mpaka jua lilipokuwa kali. Kisha akachukua panga, akatoka kuelekea ng'ambo ya Lukuga. Hakujua njia hasa, kwa maana hakuwahi kwenda; mwenye kwenda alikuwa Gauthier. Aliuliza watu. Walimwonyesha mteremko mzima uliokuwa umekatwa miti, na matanuru matatu ya makaa yakitoa moshi. Akatafuta pembezoni, kwenye mabonde, mpaka alasiri. Alipata mti unaofanana, wenye miiba shinani, ingawa majani yake yalikuwa marefu kidogo. Alijua si wenyewe. Alikata matawi hata hivyo, akayabeba begani, akarudi nayo saa nzima chini ya mvua.

Aliyaweka kwenye ndoo. Viwavi walipanda. Walizunguka jani, wakaligusa kwa vichwa, wakashuka. Alijaribu majani ya mwembe wa Mama Alphonsine, akajaribu ya mpera. Walipanda, wakashuka. Walikwenda siku tatu kwa mstari wao, kutoka ndoo hadi ukuta, kutoka ukuta hadi mlango, kila siku mstari ukiwa mfupi zaidi, na walioanguka hawakutazamwa na wenzao. Siku ya tano hakuna aliyetembea.

Mama Alphonsine alimkuta akifagia.

"Imeisha, ile wadudu?"

"Imeisha, Mama."

"Afadhali. Mwaka huu hatutajikuna."

Evodie alizoa takataka kwa kipande cha karatasi ngumu, akaenda kuzimwaga nyuma. Simu ilikuwa ikilia chumbani. Alijua ni Elsa. Alisimama pale kwenye matope mpaka ilipoacha kulia, kisha akaingia kuchukua beseni la nguo za watu.